Kokteli za nyumbani: anza na ndimu, shira na kipimo, chupa za bei zitafuata

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Wadau, salaam.

Kila nikipata wageni nyumbani huulizwa swali lilelile: zile kokteli tunazouziwa hotelini zinatengenezwaje, na je, mtu anaweza kuzitengeneza jikoni kwake bila kujaza kabati chupa ishirini? Nimeona badala ya kumjibu kila mmoja kwa wakati wake niandike hapa kwa kirefu, ili walionizidi ujuzi wanisahihishe. Mimi si mhudumu wa baa wala sijasomea kazi hiyo; ni mfanyakazi wa ofisini hapa Dar es Salaam ambaye kwa miaka saba amekuwa akichanganya vinywaji Jumamosi jioni, na vilivyoishia kwenye sinki si vichache.

Kosa ninaloliona kwa wengi, na ambalo hata mimi nililifanya, ni kuanza na chupa. Mtu akipata fedha kidogo hununua pombe tamu ya rangi ya bluu kwa sababu ameiona kwenye picha, akaongeza ya kijani na ya nazi, akazipanga juu ya friji, na mwaka unapita zikiwa na vumbi shingoni kwa kuwa hajui kinywaji hata kimoja kinachozihitaji. Ningemshauri anunue chupa moja tu ya kinywaji kikali, fedha inayobaki ainunulie ndimu, sukari na barafu, kisha ajifunze kokteli moja mpaka mkono uizoee. Kwangu mimi kokteli hiyo ni daiquiri.

Simaanishi ile nyekundu inayosagwa kwenye blenda na kupambwa kwa mwavuli wa karatasi. Daiquirí ni kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, penye machimbo ya chuma, na anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyekipa kinywaji hiki jina, mwishoni mwa karne ya 19, ni Jennings Cox, mhandisi wa migodi kutoka Marekani. Ndani yake mna vitu vitatu tu: ramu, ndimu na sukari. Mashamba ya miwa yako jirani, ndimu ziko uani, na barafu imeshafika. Wala hapakuhitajika mtaalamu wa kubuni. Mtu wa Tanga au Malindi akiusikia mchanganyiko huo hahitaji kufasiriwa.

Vipimo vyangu ni hivi: ramu mililita 60, maji ya ndimu mililita 30, shira mililita 20. Kabla hamjaniuliza kipimo kinapatikana wapi, fungueni kabati la dawa. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachofunika chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto kina mistari ya mililita 5, 10 na 15, na kwa miaka miwili ya mwanzo sikuwa na chombo kingine. Kioshe vizuri, kwa sababu harufu ya stroberi ya dawa hung'ang'ania. Wanaopima kwa jicho huwa wanasema mkono wao umezoea. Nawaheshimu, lakini mililita 5 za ndimu zikizidi utazisikia kwenye taya kabla hujazisikia kwenye ulimi.

Shira ni sukari na maji kwa uzito sawa, gramu 200 kwa mililita 200, ikorogwe kwenye moto mdogo mpaka chembe ziishe, ipozwe na kuwekwa kwenye chupa safi ndani ya friji. Hukaa wiki mbili hadi tatu bila kuharibika. Sukari kavu usiitie moja kwa moja kwenye kinywaji baridi, maana huzama chini na kukaa huko, ukapata kinywaji kikali na kichachu juu na mchanga mtamu chini. Ndimu nazo zikamuliwe siku ileile, na ikiwezekana saa ileile. Maji ya ndimu yaliyolala usiku kucha huwa na uchungu fulani wa kuchosha ambao hakuna sukari inayoweza kuufunika. Ndimu zetu ndogo za sokoni, zile za ganda jembamba, hutoa kati ya mililita 15 na 20 kila moja, kwa hiyo hesabu ndimu mbili kwa glasi.

Sasa tuje kwenye barafu, maana hapa ndipo vinywaji vingi vya nyumbani hufia. Barafu ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inapoza na inatia maji. Yale mililita 110 uliyoyamimina hutoka yakiwa kati ya 140 na 150, na nyongeza hiyo ni sehemu ya kinywaji kama ilivyo ndimu, kwani bila maji hayo ramu hukwaruza koo. Tatizo ni barafu iliyokwisha kuanza kuyeyuka mezani. Katika joto letu la Desemba, vipande vikikaa kwenye bakuli dakika kumi huwa vimejaa maji juu, na maji hayo huingia kwenye kinywaji kabla baridi haijaingia. Toa barafu kwenye friza dakika hiyohiyo unapotaka kutikisa, tumia vipande vikubwa, na ujaze chombo mpaka juu. Anayebania barafu kwa kuogopa kinywaji kuwa cha majimaji ndiye anayekipata cha majimaji, kwa sababu vipande vichache huyeyuka vyote.

Chombo cha kutikisia si lazima kinunuliwe. Chupa ya kioo ya achari yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza inatosha, ingawa chuma kinapoa haraka zaidi na hakikuachi na wasiwasi kwamba kitapasuka. Tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Mwanzoni utasikia vipande vikigonga kwa sauti kavu na kali. Kadiri kingo zake zinavyosagika sauti hulainika, ikawa nzito kidogo, na ukitumia chombo cha chuma vidole vitaanza kunata kwenye ukungu mweupe uliojitokeza nje. Hapo simama. Chuja kwa chujio la chai kwenye glasi iliyokaa friza, na unywe kabla hujaanza hadithi.

Ukishaiweza hii, umefungua mlango wa nyumba nzima. Ondoa ramu weka wiski, ondoa ndimu weka limau, umepata "wiski sawa" (whiskey sour). Weka tekila, na badala ya sehemu kubwa ya shira tia pombe tamu ya machungwa, umepata magarita. Weka jini (gin) na asali iliyolainishwa kwa maji ya moto, pamoja na limau, ni ile inayoitwa Bee's Knees. (Naandika "jini" kwa sababu ndivyo tunavyotamka, mama mkwe wangu akilisoma neno hili humu atatafuta ubani.) Hata kokteli ambazo leo zinahesabiwa kuwa za kisasa zimejengwa juu ya msingi huuhuu. Penicillin, aliyoibuni Sam Ross mwaka 2005 katika baa ya Milk & Honey jijini New York, ni wiski ya Scotland mililita 60, limau mililita 20, shira ya asali na tangawizi mililita 20, halafu juu yake kijiko kimoja cha wiski yenye harufu ya moshi inayotoka kisiwa cha Islay. Mtu yeyote aliyewahi kupikiwa tangawizi, limau na asali akiwa na mafua ataelewa kwa nini kinywaji hiki kiliitwa jina la dawa.

Familia ya pili haina ndimu kabisa. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni kinywaji kikali, sukari, maji na matone machungu, na maelezo hayo ndiyo Old Fashioned ya leo bila kupungua kitu: wiski mililita 60, kijiko kimoja cha chai cha shira, matone mawili matatu ya Angostura (ndiyo hayo matone machungu), na barafu. Angostura yenyewe ilitengenezwa kwanza Venezuela mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, kama dawa ya tumbo, na leo hutoka Trinidad. Chupa yake ndogo ni ya bei lakini itakaa miaka, kwa hiyo ndiyo chupa ya pili ninayoipendekeza. Vinywaji vya namna hii havitikiswi. Vinakorogwa taratibu kwa kijiko kirefu, sekunde 30 hivi, ili vibaki vyeupe kama kioo. Kanuni ni nyepesi: penye ndimu, maziwa au yai tikisa, penye pombe tupu koroga.

Na penye soda usitikise kamwe. Hili sikulisoma mahali. Wakati najaribu Moscow Mule, ambayo ilianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kwetu hutengenezeka vizuri sana kwa vodka, ndimu na Stoney Tangawizi, niliimimina soda ndani ya chupa ya achari pamoja na vingine, nikakaza kifuniko, nikatikisa. Kifuniko kilikwenda darini. Dari ya jikoni kwetu ina alama ya kahawia mpaka leo, na kila mgeni anayeuliza huelezwa na mke wangu, si na mimi. Soda humiminwa mwisho, ndani ya glasi, polepole.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Baharia Mstaafu

Ndugu mtoa mada, nimesoma kwa makini na nimefaidika. Swali langu ni la mtu wa kawaida: ramu nzuri dukani kwetu ni adimu na bei yake haishikiki. Je, daiquiri hii haiwezi kutengenezwa kwa Konyagi?

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Inawezekana, na nimeifanya mara nyingi, lakini zingatia jambo moja. Konyagi ina asilimia 35 ya kileo, wakati ramu na vodka nyingi ni asilimia 40. Ukitumia mililita 60 zilezile, kinywaji kitakuwa chepesi na ndimu itatawala. Ongeza Konyagi ifike 70, ndimu ipunguze iwe 25, shira ibaki 20. Kipande cha ganda la ndimu kikitikiswa pamoja na vingine husaidia sana, kwa sababu mafuta ya ganda yanapatana na harufu yake.

Kahawa Chungu

Samahani, hapa napinga. Konyagi ina heshima yake, na watu wameizoea kwa toniki, kwa soda ya limau au kavu. Kuitia kwenye glasi ya shina refu na kuiita daiquiri ni kujidanganya. Utamu wa daiquiri unatokana na ile ladha ya molasi iliyobaki kwenye ramu. Ukiiondoa umebakiwa na maji ya ndimu yenye kileo.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Ndugu Kahawa Chungu, nakubali kwamba si daiquiri, na jina halinigombanishi na mtu. Ninachotetea ni shule yake. Anayejifunza uwiano kwa chupa asiyoogopa kuimaliza atakuwa tayari siku atakapopata ramu ya maana, kuliko yule anayeogopa kuigusa ramu yake kwa sababu ya bei. Pale ninapoungana nawe moja kwa moja ni kwenye Old Fashioned. Humo kinywaji kikali ndicho kinywaji chenyewe, hakina pa kujificha, na nilipojaribu kuitengeneza kwa kitu kisicho wiski iliyozeeka kwenye pipa nilijutia hata barafu.

Mama Kaimati

Kaka yangu, shikamoo kwa wakubwa wote humu. Mimi vinywaji vyenu sivinywi, lakini shira naijua tangu nikiwa na urefu wa meza, na kuna mambo mawili umeyaruka.

La kwanza, ukimaliza kukoroga shira yako tia matone machache ya ndimu ingali moto. Huifanya isigande chembe mdomoni mwa chupa. Tena usiiache ichemke muda mrefu; shira inayochemka inapoteza maji, na ile tunayoipikia kaimati mpaka ivute uzi ukiipima mililita 20 kwa vipimo vyako itakuwa tamu karibu maradufu. Labda ndiyo sababu wengine wanalalamika kwamba vinywaji vyao vinanata.

La pili, viungo. Shira ndiyo mahali pake. Iliki tano zilizopasuliwa, au kijiti cha mdalasini, au mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa, vikae ndani ya shira ya moto nusu saa kisha uchuje. Karafuu weka mbili tu kwa kikombe kizima. Karafuu huganzisha ulimi, ndiyo maana wazee waliiweka kwenye jino linalouma. Ukizidisha hutasikia ladha ya kitu kingine chochote.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Marahaba, na ahsante sana dada. Hilo la kukadiria shira nzito sikulieleza na ni la msingi. Ndimu ndani ya shira nimeijaribu leo hii baada ya kusoma, na nitaendelea nayo. Shira ya mchaichai pamoja na jini na ndimu niliwahi kuwapa wageni, na hakuna aliyeuliza chupa ilikuwa ya bei gani.

Mkazi wa Kilimani

Natoka Nairobi na nimeshangaa uzi umefika hapa bila mtu kuitaja Dawa. Ndiyo kokteli yetu iliyojulikana zaidi, na aliyewahi kula nyama katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, atakuwa ameiona ikizungushwa mezani. Ndimu nzima hukatwa vipande vinne au sita, vipande hivyo huwekwa ndani ya glasi fupi pamoja na kijiko cha sukari, halafu huja vodka toti mbili na barafu iliyopondwa. Asali haichanganywi mapema. Huzungushiwa kwenye kijiti kinene cha mbao, kijiti kikaingizwa ndani ya glasi, na mnywaji mwenyewe ndiye anayeponda na kukoroga kwa kiasi anachotaka. Anayetaka kali hukoroga kidogo, anayetaka tamu hukoroga mpaka kijiti kibaki kikavu.

Mgeni anayeagiza ajihadhari, maana katika migahawa mingi ya kahawa hapa ukisema "dawa" utaletewa kikombe cha moto cha tangawizi, limau na asali kisicho na kileo hata tone.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Umenifaa sana, maana Dawa nilitaka kuiandikia peke yake. Ukiitazama vizuri ni ndugu wa caipirinha ya Brazili, ambapo ndimu hupondwa na sukari ndani ya glasi na kumiminiwa cachaça, pombe yao ya miwa. Asali na kijiti ndivyo vilivyoifanya iwe yetu.

Nyumbani inahitaji uangalifu katika kuponda. Mchi ukandamizwe juu ya nyama ya ndimu, si juu ya ganda, na mara nne au tano zinatosha. Ganda likisagwa sana hutoa uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, hasa kwa hizi ndimu za ganda jembamba. Na kijiti: nilikuwa natumia mpini wa mwiko mdogo wa mbao, lakini mwiko uliowahi kukoroga mchuzi wa samaki hausahau. Nunua kipya.

Mwana wa Kivu

Mimi ni msomaji kutoka Bukavu. Mmezungumza dawa ya kikohozi na dawa ya asali, lakini mmesahau iliyo dawa kwelikweli. Uchungu wa toniki ni kwinini, na kwinini hutoka kwenye ganda la mti ambao huku Kivu unalimwa. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na ukipita kwenye mashamba yetu wakati wa mavuno utaona magome yameanikwa juani kama muhogo. Kwa hiyo anayekunywa jini na toniki huenda anakunywa kitu kilichotoka karibu na kwake kuliko anavyodhani.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Hili ni zuri mno. Huku kwetu pia Wajerumani waliupanda mti huohuo Amani, kwenye milima ya Usambara. Waingereza waliokuwa India ndio waliozoea kuichanganya kwinini yao na sukari, maji na jini ili imezeke, na ndipo kinywaji kilipozaliwa.

Lakini asije mtu akaacha dozi ya malaria kwa kutegemea glasi. Toniki ya leo ina kwinini kidogo tu ya kuleta uchungu. Sheria za Marekani, kwa mfano, haziruhusu zaidi ya miligramu 83 kwa lita, na matibabu yanahitaji kiasi ambacho ungelewa na kuzimia kabla ya kukifikia. Upande wa kuchanganya, sina mengi: glasi ndefu iliyojaa barafu, jini mililita 50, toniki baridi mililita 120 hadi 150, na kipande cha ndimu. Toniki ikiwa ya vuguvugu povu lote litakimbia, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Ukwaju wa Muscat

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Oman. Mimi na watu wa nyumbani kwangu hatunywi kileo, lakini ufundi huu wa kupima na kutikisa umenivutia. Nimejaribu kutengeneza vinywaji vya namna hii kwa juisi tu, na kila mara matokeo ni juisi. Nini kinakosekana?

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Swali lako ni gumu kuliko yote humu. Kileo kina kazi ambayo juisi haiwezi: kinauma kidogo, kinakausha mdomo, na kinamfanya mtu anywe polepole. Ukikiondoa inabidi utafute kitu kingine cha kuuma na kitu cha kukausha. Tangawizi mbichi inauma. Chai nyeusi kali, iliyoachwa ichovye dakika saba au nane na kupozwa, inakausha. Jaribu chai hiyo mililita 60, shira ya tangawizi mililita 20, ndimu mililita 20, na chumvi punje chache sana, utikise kama nilivyoeleza.

Nawe uliye Muscat una hazina ambayo sisi tunaagiza: zile ndimu kavu nyeusi. Toboa mbili, zichemshe kwenye kikombe cha maji, chuja, na utumie maji yake mahali pa chai. Zina uchachu na uchungu kwa pamoja, na harufu kama ya moshi. Ukwaju pia ni mzuri, ila uwe mzito na uchujwe mara mbili, na hapo ndimu uipunguze.

Kahawa Chungu

Narudi na swali, kwa amani safari hii. Mimi ni wa Moshi na kahawa ipo. Nataka ile martini ya kahawa, lakini sina mashine ya espresso.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Ile ni ya Dick Bradsell, aliyeitengeneza London miaka ya 1980, na jina lake la kawaida ni Espresso Martini. Vodka mililita 50, kahawa mililita 30, pombe tamu ya kahawa mililita 20, na shira kidogo ukipenda. Bila mashine tumia ile birika ndogo ya Kiitaliano inayowekwa juu ya jiko, ambayo hupandisha maji kwa mvuke. Kahawa iwe imetengenezwa muda huohuo, barafu ijae, na utikise kwa nguvu zaidi ya kawaida, kwa kuwa lile povu la juu ndilo linalotafutwa. Kahawa ya kuchuja haitoi povu la maana, na ile ya unga wa kuyeyusha hutoa povu zuri ajabu lakini ladha ndiyo hiyo mnayoijua. Kwa mtu wa Moshi ingekuwa aibu.

Mkazi wa Kilimani

Na Negroni? Ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Negroni ni mililita 30 za jini, 30 za Campari (pombe nyekundu chungu ya Kiitaliano) na 30 za vemuthi nyekundu, imekorogwa juu ya barafu. Inahusishwa na Count (kabaila) Camillo Negroni wa Florence, mwaka 1919, aliyetaka kinywaji chake kitiwe jini badala ya maji ya soda. Sikuitaja mwanzoni kwa sababu ni chupa tatu kwa mpigo. Watu wengi pia hawajui kwamba vemuthi ni divai: ikishafunguliwa ikae ndani ya friji na iishe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ile ya kabatini iliyofunguliwa tangu Krismasi iliyopita imekwisha kupoteza ladha yake, na ndiyo inayoharibu Negroni za nyumbani.

Pambo lake ni ganda la chungwa, na msihangaike kutafuta machungwa ya rangi ya dhahabu. Haya ya kijani ya Muheza yana mafuta tele. Menya ukanda mpana usio na nyama nyeupe, ukunje juu ya glasi upande wa nje ukielekea chini, na mbele ya taa utayaona mafuta yakiruka kama vumbi.

Baharia Mstaafu

Nimerudi kutoa taarifa. Nimetengeneza kwa Konyagi kwa vipimo ulivyonipa, 70, 25 na 20. Nimekunywa tatu kwa sababu zinashuka kama juisi, na asubuhi haikuwa nzuri. Pia ilikuwa chachu kupita kiasi.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Pole sana. Hesabu ni kosa langu kutoiweka mapema. Konyagi mililita 70 ina takribani mililita 24 za kileo halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Kila glasi yako ndogo ilikuwa bia moja kubwa, nawe ulizinywa kwa mwendo wa juisi. Kunywa mbili na maji katikati, na funguo za gari ziwe kwa mtu mwingine.

Kuhusu uchachu, shira uliipima au ulitumia kijiko?

Baharia Mstaafu

Kijiko. Kile cha chai, nikahesabu viwili.

Mchi wa Ndimu (mtoa mada)

Hiyo ni mililita 10, nusu ya inayotakiwa. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Weka kimoja kimoja cha kila aina utapata 20 kamili, na ndimu usiiguse.

Baharia Mstaafu

Imekubali. Ile ya pili mke wangu ameimaliza kabla sijarudisha chujio jikoni.